Mshonaji Aliyebadilisha Pedi za Breki

Ninyi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, njooni huku. Viti vya mbele haviumi. Haya, sasa twende wote kwenye uwanja wa nyumba moja, na ukifika usiguse kitu, tazama tu.

Kulikuwa na mama mmoja mshonaji katika mji wa milimani, mji ambao ukitoka tu nyumbani kwako unateremka. Mama huyu alikuwa na mikono! Gauni likitoka kwake, utatafuta uzi uliochungulia mpaka uchoke. Alikuwa na gari dogo, na alikuwa na mume mwenye kidonda cha sukari mguuni. Kila Jumanne ilikuwa lazima amteremshe mumewe hospitali, kule bondeni, kidonda kisafishwe. Daktari alikuwa ameshasema: mkikosa kuja, huu mguu tutaukata.

Sasa lile gari likaanza kulia. Akikanyaga breki, kwiii! Mnaujua mlio huo, nanyi mnaongeza sauti ya redio. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha. Dawa yake si ni kwenda kwa fundi? Na fundi alikuwepo, nyumba ya tano kutoka kwake. Lakini mama hakutaka hata kumwona kwa macho. Wiki chache nyuma fundi huyo alikuwa amemwambia, tena mbele ya watu: "Dada, wewe breki unazikanyaga kama cherehani. Mteremko mzima kanyaga, kanyaga, kanyaga! Utatuulia shemeji yetu." Watu wakacheka. Mama uso ukamwiva. "Mwanamume hana adabu yule," akasema, na tangu siku hiyo akawa anapita njia ya nyuma.

Basi Jumatatu mchana akanunua pedi mpya, akaazima jeki na spana kwa shoga yake wa jirani, akatandika gunia uani akakaa. Kwenye simu alikuwa na video ya bwana mmoja anaongea Kichina. Akaitazama mara nne. Kila ikifika pale penyewe, pedi zinapoingia, mkono wa yule bwana unaziba! Anarudisha nyuma, mkono umeziba. Anarudisha tena, bado umeziba.

Akafungua gurudumu. Zile pedi za zamani zikamponyoka zikaanguka mchangani kabla hajaona zilikuwa zimekaaje, na zilikuwa zimelika hivi kwamba pande zote mbili ni chuma kitupu. Hazikumsaidia kitu. Akaziweka zile mpya mapajani, juu ya khanga, akazigeuza. Upande mmoja chuma laini, kimepakwa rangi, kina namba zimeandikwa vizuri. Upande wa pili kitu cheusi, kikavu, ukipitisha kidole kinakwaruza kama jiwe la kusugulia miguu. Sasa upande upi unatazama ile diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu?

Akaelekeza ule mweusi. Mh, hapana. Akageuza. Mh. Akageuza tena. Aliitazama ile diski inavyong'aa, akaona huruma. Kitu kibaya namna hii ndicho kiguse chuma kizuri namna ile? Si kitakichuna? Jasho likawa linamtiririka puani, hajui la kufanya, hajui hata la kuuliza.

Mumewe akaita kutoka barazani, mguu juu ya kigoda: "Mama watoto, unaelewa kweli unachofanya?"

"Naelewa!"

Alikuwa haelewi hata kidogo, maskini. Akataka kulia.

Ndipo akakumbuka kazi yake. Mshonaji akitaka kuunga vitambaa viwili anafanyaje? Akina mama hapa mnajua. Analaza upande mzuri uangaliane na upande mzuri, ule mbaya unabaki nje. "Kumbe ni hivyo tu!" akasema kwa sauti. Akazipanga hivyo hivyo, laini kwa laini, na ule mweusi akaugeuzia kisogo. Ziligoma kidogo. Akagonga gonga, zikaingia. Akahamia gurudumu la pili, akafanya vile vile.

Shoga yake akaja kuchukua jeki. Alipoona, akapiga kigelegele. "Jamani wewe mwanamke! Wanaume waje wajifunze kwako. Tazama zilivyokaa, zimependeza!" Niwaulize, huyu shoga alijua chochote kuhusu breki? Alikuwa hajui hata ziko wapi. Lakini mama alifurahi, akalala usingizi mtamu.

Jumanne asubuhi akamsaidia mume kuingia, wakatoka. Mteremko wa kwanza, akakanyaga. Ukasikika mlio wa bati linalokatwa, na gari likaendelea kwenda. Akakanyaga kwa nguvu zote. Linakwenda.

"Simamisha!"

"Nasimamisha! Halisimami!"

Akavuta breki ya mkono, akakata usukani, gari likajikita kwenye ukingo wa udongo. Baada ya ukingo ule, bonde. Mume bado ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Aliyefika kwanza ni fundi, mbio, spana mkononi. Alikuwa ameusikia ule mlio. Hakucheka. Aliwatoa, akafungua gurudumu, akachungulia.

"Dada, umezigeuza."

"Lakini ule upande mwingine utaichuna diski!"

"Ule upande mwingine ndio breki yenyewe. Huu mzuri ni mgongo tu. Ule mweusi unasugua, ndiyo, na kila ukisugua unalika wenyewe. Utalika mpaka uishe, na wewe utakuwa umefika."

Mume akamtazama mkewe. "Na huyu ndiye ulikuwa unamkwepa kwa njia ya nyuma?"



Wapendwa, sisi je? Tumeungana vipi humu ndani? Upande mzuri kwa upande mzuri! Bwana asifiwe, amina, umependeza, umebarikiwa. Mwenzetu anateremka na pombe, tunamwita kiongozi. Mwenzetu anampiga mkewe, tunampa kipaza sauti aombe. Tunateleza pamoja, tunaimba. Na yule mwenye kutukwaruza tumemgeuzia kisogo.

Mnadhani nawasema ninyi? Mwezi wa tatu dada mmoja alisimama hapa, mnamjua, akaniuliza mbele yenu: "Mchungaji, kwa nini wenye uwezo unawazika mwenyewe, na sisi unatutumia msaidizi?" Mkaguna. Nikamwambia, dada, kaa chini. Akakaa. Jumapili iliyofuata hakuja, na nitasema kweli kwa kuwa nasimama mbele za Mungu: nilifurahi. Nilihubiri kwa raha siku ile, na mlangoni mkaniambia mahubiri yalikuwa mazuri.

Tangu dada yule aondoke, tumefiwa na watu wanne. Wawili walikuwa na majumba, nikawazika mwenyewe. Wawili walikuwa hawana kitu. Sikwenda. Hakuna aliyenisimamisha.

Kwa hiyo leo, tukimaliza, msinitafute mlangoni mnipe mkono. Naanzia kwenye nyumba mbili za wafiwa, kuomba radhi. Kisha naenda kwake yeye, nimwombe arudi aniulize tena.