Katiba ya Watu wa Kambi Muru

Zamani zile, Kambi Muru, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, ilipokuwa bado na nafasi ya watoto kuchezea kati ya nyumba, watu waliotoka Bungoma walikuwa na chama chao cha mazishi. Hakuna aliyetaka kuzikwa ugenini. Mmoja wao akifa, wenzake walikesha wakiimba, kisha wakamsindikiza hadi kwao. Jamani, watu walipendana! Nafuna, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, huzikumbuka nyimbo zile machozi yakimlengalenga.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Khamala, fundi wa viatu. Tusimnyime haki yake: chama alikianzisha yeye, kwa jasho lake. Ila kauli yake ndiyo iliyokuwa sheria. Alifanana na serikali ya kwanza ya nchi yetu, iliyopokelewa kwa shangwe na vigelegele, kisha katiba ikakatwa hapa, ikashonwa pale, mpaka madaraka yakaishia mkononi mwa mtu mmoja. Nchi ilipopiga kura ya mlolongo, Khamala naye akaona hiyo ndiyo dawa. Wanachama wakajipanga nyuma ya wagombea mchana kweupe, kila mtu akionekana amesimama nyuma ya nani. Boaz, mumewe Nafuna, akasimama nyuma ya mpinzani.

Khamala akaliweka moyoni. Boaz alipofariki mwaka uliofuata, ndipo alipolipiza. "Aliyenipa mgongo hasafiri na chama changu," alisema. Nafuna akampigia magoti. Wapi! Boaz akazikwa katika makaburi ya Lang'ata, kati ya watu asiowajua, na mama yake kule Bungoma akafa bila kuliona kaburi la mwanawe.

Mwingine angekihama chama. Nafuna alibaki, akadai sheria kila mkutano, akachekwa, akadai tena. Nchini mlolongo ukaondolewa, vyama vingi vikarudi, Khamala yeye akabaki palepale kama kisiki. Hatimaye ukafika mwaka 2010. Nafuna alipanga foleni tangu alfajiri kuipigia kura katiba mpya, na Jumapili baada ya matokeo akaja mkutanoni kidole bado kina wino.

"Nchi nzima imeweza," aliwaambia. "Sisi tunashindwa na nini?"

Chama kikaandika katiba yake. Kifungu alichokipigania Nafuna hadi sauti ikamkauka kilikuwa hiki: kila mwanachama, na mke au mume wake, akifa atapelekwa kwao hata kama amehama Kibera, na mwenyekiti hana ruhusa ya kukataa. Uchaguzi ukawa wa siri. Khamala akashindwa, akahamia Kawangware kwa mwanawe, ila uanachama hakuuacha.

Miaka ikapita. Wiki iliyopita habari zikafika kwamba Nasambu, mkewe Khamala, ameaga dunia. Nafuna akaenda Kawangware pamoja na katibu wake Bridgit, muuza mitumba katika Soko la Toi.

"Mathe, si huyu ndiye alikataa kupeleka mzee wako?" Bridgit aliuliza wakiwa mlangoni. "Mwambie tu zii, hapelekwi mtu. Nani atakuuliza?"

Nafuna akabisha hodi. Kusema kweli, neno lile lilimwingia kama asali. Alitamani sana Khamala aonje, walau siku moja, usiku wa mtu ambaye maiti yake haina pa kwenda.

Khamala aliinuka kwa shida, akishika ukuta. Alikuwa amezeeka vibaya. "Nafuna," alisema, "nilichokufanyia nakijua. Lakini Nasambu hakukukosea. Usimwache huku."

"Keti, mzee," Nafuna akamwambia.

Roho yake ilikuwa ikimsukuma: kataa, kataa. Alimtazama mzee yule, akamwona Boaz. Lakini kile kifungu kilikuwa chake. Hakuna mwingine aliyekililia kama yeye. Akikikanyaga leo, atakuwa Khamala aliyevaa leso, na kesho mwenyekiti mwingine atamkanyagia mjane mwingine.

"Nasambu ataondoka Ijumaa," alisema mwishowe, kwa sauti kavu. "Bridgit atatafuta basi."

Khamala akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akalia kama mtoto. "Mungu akubariki, mama. Una moyo mwema."

Nafuna akautoa mkono wake taratibu. "Moyo wangu usiusifu, mzee. Lingekuwa shauri la moyo wangu, Nasambu angelala Lang'ata karibu na Boaz. Ishukuru katiba."

Ijumaa waliimba nyimbo zile za zamani, wachache waliobaki wakizikumbuka na vijana wakifuatisha. Nafuna aliimba kuliko wote. Alimlilia Nasambu, akamlilia na Boaz, kisha akapanda basi kumsindikiza mke wa adui yake hadi kwao. Sheria aliyoidai ili imzuie Khamala ilikuwa imemzuia yeye mwenyewe, na ikamuuma. Wahenga hawakukosea: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.