Nyumba Zisizojua Kukaribisha

Sogeeni jamani, na anayesinzia mwenzake amfinye!

Ukame ulimhamisha Mwanatumu kwao. Akaenda na mkeka wake kwapani mpaka nchi ya theluji, ambako nyumba zenyewe zilikuwa hai na ndani hamkuwa na mtu.

Akafika nyumba ya kwanza. "Hodi! Hodi! Hodi!" Mlango ukafunguka wenyewe, kimya. Akaduwaa. Hivi mtu aingieje kwa watu bila kukaribishwa? Akaondoka zake.

Ya pili vilevile: hodi tatu, mlango wazi, kimya. Akaondoka, meno yakigongana.

Kwenye ya tatu miguu ikagoma. "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya. Mwanatumu akatandika mkeka palepale nje, akaketi, akanung'unika: "Haya, basi karibu wewe."

We! Nyumba ikang'oka ardhini, ikavua kizingiti kama mtu avuavyo viatu, ikaja kuketi mkekani. Joto likamkumbatia Mwanatumu. Akacheka kama mtoto, kicheko alichokisahau tangu aondoke kwao.

"Habari za huko utokako?" akauliza. Nyumba ikapepesa madirisha.

Nimewaacha hapo mkekani. Na mpaka leo Mwanatumu anajiuliza: kati yao wawili, mgeni ni nani?