Mama Kanga na Kapu la Kinyume

Paukwa!

Pakawa!

Na walio nyuma?

Pakawa!

Hapo kale, wanyama walikuwa na soko la mtama, na sokoni palikuwa na makapu matatu ya akiba. Kapu la Kawaida lilifuata bei: bei ikipanda, akiba yako iliongezeka, ikishuka, ilipungua. Kapu la Maradufu lilifanya vivyo hivyo, lakini mara mbili. Kapu la Kinyume lilikwenda kinyume: bei ikishuka, lilijaa, ikipanda, lilipungua. Kila jioni makapu yalipimwa upya.

Mama Kanga alikuwa mkulima. Mtama wake ulikuwa bado shambani, vifaranga wake walikuwa wengi, na mvua ilikuwa imenyesha kila bonde. Alijua kwamba mtama ukijaa sokoni, bei itaanguka. Ndiyo maana kila mwaka, kabla ya mavuno, aliweka akiba kidogo katika Kapu la Kinyume. Alichopoteza shambani alikipata kapuni.

Mwaka huo ngoma ya sheria ikalia. Ndi! Ndi! Ndi! Mzee Kiboko, mkuu wa soko, akatangaza rasimu: Maradufu na Kinyume yasiguswe ila na wanyama wakubwa.

Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: rasimu haiwi sheria mpaka ngoma igeuzwe kifudifudi. Kabla haijageuzwa, kila mwenye mdomo ana neno.

Kanga akakimbia, puru, puru, puru, mpaka barazani. Akaeleza kwamba bila kapu lile, bei ikianguka, vifaranga wake hawataufikia mwisho wa kiangazi.

Kiboko hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu. Akakumbusha jinsi Ngiri alivyoweka akiba yake Maradufu, akaenda kulala matopeni, na alipoamka akakuta makombo.

"Ngiri ana meno hadi nje, na bado aliumia," akasema. "Wewe, Mama Kanga, ni manyoya matupu."

Wakubwa wakacheka. Kiboko akamwita Ngiri awe shahidi wake.

Ngiri akasimama, mkia wima.

"Niliweka pishi mia za mtama," akasema. "Bei ikashuka sehemu moja ya kumi; nikabaki na themanini. Kesho yake ikapanda sehemu moja ya kumi. Nikafikia tisini na sita. Jirani yangu wa Kawaida, aliyeanza na mia kama mimi, alikuwa na tisini na tisa. Bei ikacheza hivyo msimu mzima, nami nimelala. Hakuna aliyeniambia kwamba kapu lile si la kulalia. Lakini jeraha ni langu, Mzee. Usilifanye komeo la mlango wa mwenzangu."

Kiboko akamuuliza Kanga kama anajua atakachopoteza.

"Bei ikipanda, nitapoteza kapuni," Kanga akajibu, "ila mtama wangu utauzwa vizuri. Na sikai humo. Nikimaliza kuvuna, natoa changu."

Kiboko akamgeukia Faru, ambaye akiba yake ilikuwa Maradufu tangu masika, akamuuliza swali lile lile. Faru akatazama kwato zake.

Kiboko akafikiri sana. Kisha akaibadili rasimu: mdogo au mkubwa, kabla ya kuweka akiba, atamke kwa kinywa chake atakachoweza kupoteza, na lini atatoka. Asiyejua afundishwe kwanza. Ngoma ikageuzwa. Pu!

Kanga akaweka akiba yake. Mavuno yakaja, na bei ikaporomoka. Kapu la Kinyume likajaa, likafurika. Kanga akachukua chake mchana kweupe, akapita katikati ya soko kichwa juu, vifaranga nyuma yake, msururu mrefu, wote wameshiba. Wadogo wakampigia vigelegele. Langoni, Ngiri alikuwa ameketi, mwalimu sasa, akimfundisha Faru kwa mara ya tatu.

Funzo ni hili: hatari huzuiwa kwa maarifa, haizuiwi kwa kupima ukubwa wa mwili. Mfundishe mtu, kisha umwachie mlango.

Hadithi yangu imeketi hapa. Mwenye yake na asimame.