Unga Uliopelekwa Lukanga

Mpe maji, umuulize safari. Mmenisikia nikimwambia hivyo baba yenu, na sasa mnataka kujua neno hili limetoka wapi. Sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Watu wa Matondo hawakuwa na mfalme. Kila jambo walilipigia kura: kila nyumba ilitia chunguni punje moja ya mahindi, nyeupe kukubali, nyekundu kukataa. Na jambo lililokwisha kupita, kulirudisha barazani ilikuwa aibu.

Siku moja alifika mjumbe wa Lukanga, nchi ya mbali ambayo hakuna aliyejua iko upande gani. Alisema kwao kuna vita, watoto wana njaa. Mjane mmoja, Bi Nambua, alimpa maji kwa kibuyu chake mwenyewe, akawa wa kwanza kutia punje nyeupe ili unga upelekwe. Chungu kikajaa weupe.

Kisha ikaulizwa, nani ataubeba? Nyeupe, vijana waende. Watapita porini mikono mitupu? Nyeupe, wabebe mikuki. Mwishowe mjumbe akasema maadui hawataacha unga upite bila kupigana. Hapo hata chungu hakikuletwa, maana safari ilikwisha kukubaliwa.

Asubuhi Bi Nambua alimkuta mwanawe wa pekee, Sengo, akinoa mkuki.

"Unakwenda wapi na huo?"

"Vitani, mama."

"Nani alikubali vita?"

Sengo akamtazama Mzee Mhando, msimamizi wa baraza, aliyekuwa akipita.

"Si ninyi nyote?" akasema mzee.

"Mimi nilikubali unga."

"Hata mimi nilikubali unga." Mzee akakuna kichwa. "Sasa vita hivi vimepitia mlango gani?"

Wakaulizana nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekumbuka kutia punje ya vita, na hakuna aliyethubutu kulirudisha jambo barazani. Vijana wakaenda. Jirani alimfungia Sengo viazi vya njiani, vingali vya moto.

Sengo hakurudi.

Miaka ikapita, akaja mjumbe wa nchi nyingine, midomo imemkauka. Watu walidhani Bi Nambua atamfukuza. Akamletea kibuyu kilekile, akangoja mpaka amalize kunywa.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Sasa nieleze safari yako yote, mpaka inapoishia. Ndipo tutakapoleta chungu."

Mgeni akaanza kueleza.

Basi, wajukuu zangu, kiu ya mtu haingoji maswali. Lakini chungu kingoje. Mpe maji, umuulize safari.