Mitungi ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiteka maji na kupika kama sisi, Pimbi alikuwa mfinyanzi. Udongo aliukanda Kiboko kwa miguu, pwata, pwata. Moto aliutunza Mama Tembo. Pimbi mwenyewe alifinyanga. Mitungi ikipoa waligawana mafungu matatu, na hapo ndipo roho ilipomuuma Pimbi. Kiangazi kilikuwa kinakuja, ana watoto wadogo, na kila mtungi waliouchukua wale wawili aliuona ni maji ya wanawe.

Basi akaanza kuwachimba. Alimuuliza Kiboko udongo unakandwa vipi, Kiboko akamweleza yote aliyoyajua. Akamuuliza Mama Tembo habari za kuni na moshi, naye akamweleza. Wema wa watu hao! Hawakuficha hata neno. Pimbi akayashika yote kichwani, kisha akashuka mtoni na uso wa huzuni.

"Kaka Kiboko, nakwambia kwa kuwa ni wewe. Mama Tembo ana upele, ule unaoambukiza kwa udongo. Usimuulize, ataona haya."

Akazunguka upande wa pili, akamwambia Mama Tembo maneno yale yale juu ya Kiboko.

Kilichowaponza wakubwa hawa ni adabu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kiboko alisema anakwenda kumwangalia shangazi yake kwenye bwawa la mbali. Mama Tembo alisema kwao kuna msiba. Wakaagana bila kushikana mikono, kila mmoja akimhurumia mwenzake, wakaenda zao. Pimbi alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake akakanda kama alivyoelezwa. Akafinyanga. Mitungi ilipokauka akapanga kuni kama alivyoelezwa, akawasha. Pa! Mtungi wa kwanza. Pa! Wa pili. Akarudia, akarudia tena, na kila mara alibaki na vigae tu. Huko mtoni mawe yalikuwa yameanza kuonekana.

Akafunga safari mpaka bwawani, akamkuta Kiboko amekonda. Akalia, akakiri uongo wake wote, akamsihi amwambie lile alilomficha.

"Sikukuficha kitu, mdogo wangu," alisema Kiboko. "Hata hapa nimekanda, mitungi inapasuka. Kule Mama Tembo alikuwa akinisimulia visa vya wanawe, nami nakanyaga. Kisa kikiisha, udongo uko tayari. Sikujua kwamba ndivyo nilivyokuwa nikipima."

"Basi twende tukamtafute."

"Nimeshamtafuta. Nilitaka kumpelekea dawa ya ule upele. Kwao hayupo, na hakuna anayejua alikokwenda."

Pimbi alirudi nyumbani mikono mitupu, na mto ukakauka. Akawapandisha wanawe mlimani, wakawa wanalamba umande juu ya mawe, yule mdogo kabisa akililia maji mpaka sauti ikamkauka.

Hata leo pimbi wanaishi maweni, na hawana mtungi. Kisa changu kimekomea hapo, nanyi mlionisikiliza shikeni hili: kazi iliyokuwa ya wengi humfia mikononi anayeitaka peke yake.