Nyasi za Kaburini kwa Mzee Filipo

Kulala kwa nyasi si kukatwa. Ndivyo alivyosema baba yenu mdogo jana, alipowaona wale majirani wawili wakipeana mikono harakaharaka ili kikao kiishe wakanywe chai, nanyi mkanigeukia mimi kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Nitawaambia, lakini kwanza tegueni hiki: nimemkanyaga akalala, nimempa kisogo akainuka. Msiniambie ni mlevi. Ni nyasi. Basi sogeeni, kwa maana methali hii ilianzia hapahapa kwetu mlimani, katika kihamba, shamba la ukoo, kinachopakana na chetu, na ilianza hivi.

Palikuwa na mama akiitwa Aisaria, mjane wa Mzee Filipo. Alikuwa na watoto wawili, wote wa kiume. Mkubwa aliitwa Nderingo, naye alibaki nyumbani akitunza kahawa, migomba na wazazi. Mdogo aliitwa Kundaeli. Huyu alisomea utabibu, akapata kazi katika zahanati ya mashamba ya mkonge, mbali, upande wa Korogwe.

Mzee Filipo aliugua tumbo. Liliuma, likaacha, likauma tena, na kila likiacha watu walisema amepona. Mwishowe akafa. Akazikwa mbele ya nyumba yake, penye uwanja wa nyasi, kwa kuwa sisi wafu wetu hatuwapeleki mbali. Kundaeli alipofika alikuta udongo umekwisha kushindiliwa na maua juu yake yameanza kunyauka. Simu ya maandishi ya kumwita ilikuwa imemfikia siku ileile ya mazishi. Hakupiga kelele. Alikaa kando ya kaburi mpaka chai aliyopelekewa ikapoa, akampa mama yake mkono, akarudi kazini. Tangu hapo hakuja tena, hata Krismasi. Na nyinyi mnajua, huku kwetu mtu asipokuja Krismasi watu huanza kuuliza kama bado yu hai.

Siku zikaenda, ukafika wakati wa kuweka msalaba wa saruji. Katika ukoo ule, watoto wa marehemu ndio wanaoushika msalaba ukiingia ardhini, wote pamoja. Mmoja asiposhika, watu huondoka wakisema nyumba ile imepasuka. Aisaria alikuwa amezeeka na alikuwa na haja moja tu iliyobaki: wanawe waushike msalaba wa baba yao pamoja, yeye akiona. Alimtumia Kundaeli ujumbe. Kundaeli akajibu kwamba atakuja, kwa ajili ya mama.

Sasa, uwanja. Kwa sababu kaburi lilikuwa pale, na kwa sababu hapakuwa na aliyetaka kulitazama sana, nyasi ziliachwa zikakua mpaka zikafika magotini. Nderingo alisema atazikata, akasubiri kahawa ichumwe. Kahawa ikachumwa, akasubiri mvua ikatike. Mvua haikukatika. Asubuhi ya siku yenyewe ndipo alipokwenda kuazima kanisani mashine ya usharika ya kukatia majani, ile ya kusukuma, yenye injini ya kuvutwa kwa kamba. Watoto wakaizunguka. Mmoja akatega kitendawili: ng'ombe wetu anakula majani kutwa, maziwa hana. Tukacheka, hata Nderingo mwenyewe akacheka.

Mimi nilikuwa bibi harusi mpya wakati huo, nimekwenda kusaidia kumenya ndizi. Nyasi zilikuwa zimelowa chapachapa. Nikamwambia, "Shemeji, si ungengoja jua lipande kidogo?"

"Mchungaji anakuja saa nne. Wewe jua lako linapanda saa ngapi?"

"Basi zifyeke kwanza kwa juu, halafu urudie."

"Nikate mara mbili, mimi kinyozi?"

Akashusha kisu cha mashine mpaka chini kabisa ili amalize kwa mkupuo mmoja. Mashine ikanguruma, ikala hatua chache, ikakabwa, ikazimika. Akaivuta kamba, ikawaka, ikakabwa tena. Ikawa inatapika mabonge ya nyasi mbichi, pale bonge, pale bonge, ungedhani ng'ombe mwenye tumbo bovu amepita. Palipokuwa na bonde kidogo magurudumu yalizikandamiza nyasi zikalala, na kisu kikapita juu yake bila kugusa kitu. Palipoinuka kisu kilichimba mpaka udongo ukaonekana. Mabonge akayasukuma kwa mguu mpaka chini ya ua wa mimea ya masale. Alipomaliza, ukisimama barazani ukatazama, uwanja ulionekana umenyooka, unang'aa kwa maji.

"Mama, nyasi nimemaliza," akasema, akijifuta jasho.

Aisaria akatoka akatazama. "Umemaliza?"

"Si unaona zimelala sawa?"

"Naona zimelala," akasema mama, akarudi jikoni.

Wageni wakaanza kuingia, na kati yao Kundaeli, na begi lake begani. Nderingo alikuwa amejiandaa. Akachuma jani la isale uani, akamwendea mdogo wake palepale njiani, mbele ya mchungaji na wazee wa ukoo, kabla hajaweka begi chini. Sasa nyinyi mliokulia mjini lazima mwelezwe. Isale ni jani la heshima kwetu. Mtu aliyekukosea akikuletea, ukilipokea umesamehe. Na halikataliwi. Ukilikataa, kosa linakuhamia wewe, hata kama ni wewe uliyeumizwa.

"Mdogo wangu, pokea," Nderingo akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Yaliyopita yamepita. Tumwekee baba msalaba vizuri."

Kundaeli akalitazama lile jani. Akawatazama wazee. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea.

"Asante, kaka," akasema.

Wanawake tukapiga vigelegele. Mzee Kiwia, mkubwa wa ukoo, akasema, "Basi hayo yamekwisha, tuingie kwenye ibada kabla mtori haujapoa." Nilipogeuka nilimwona Aisaria amesimama mlangoni, hakupiga kigelegele.

Ibada ikaanza. Na kama ilivyo kawaida ya jua la mlimani, lilisubiri mpaka tumeketi ndipo likatoka, tena kali. Uwanja ukaanza kutoa mvuke. Na nyasi, zilipokauka, zikaanza kuinuka. Hazikuinuka kwa fujo. Unyasi mmoja hapa, mmoja pale, kisha mstari mzima pale gurudumu lilipopita. Tulipofika wimbo wa pili, uwanja ulikuwa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa huku akikimbia: kipara, nywele, kipara, nywele. Yale mabonge ya chini ya masale yakaanza kunuka uchachu. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, "Hapa palikatwa au palipigwa?" Mwenzake akajifunika mdomo kwa kitenge.

Mchungaji akasema, "Watoto wa marehemu wasogee, washike msalaba."

Nderingo akasogea, akaushika mkono mmoja wa msalaba. Mkono wa pili ukabaki wazi. Kundaeli alikuwa ameketi kwenye benchi. Mchungaji akarudia. Kundaeli hakuinuka.

Nderingo akamfuata, akainama, akijaribu kusema chini, lakini palikuwa kimya kiasi kwamba sote tulisikia.

"Kundaeli, watu wanatutazama."

"Wananitazama tangu nifike."

"Isale si ulipokea?"

"Nilipokea kwa kuwa halikataliwi. Ungeniletea jiwe lisilokataliwa ningepokea jiwe."

"Sasa unataka nini tena?"

"Uniambie uliniomba msamaha wa nini. Hukulitaja kosa, kaka. Ulinipa jani tu."

Mzee Kiwia akakohoa. "Vijana, mambo ya ndani tutayazungumza ndani. Sasa hivi shikeni msalaba."

Hapo ndipo Aisaria aliposimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, na siku ile pia hakupandisha sauti. Alimwambia mwanawe mkubwa kama anavyomwagiza chumvi.

"Nderingo, asubuhi uliniambia nini juu ya uwanja huu?"

Nderingo akamgeukia.

"Uliniambia umemaliza. Utazame."

Nderingo akautazama. Nafikiri ndiyo mara yake ya kwanza kuuona tangu jua litoke.

"Kulala kwa nyasi si kukatwa," akasema Aisaria. "Umemlaza mdogo wako kama ulivyozilaza hizi. Na mimi sitaki msalaba wa mume wangu usimame juu ya kitu kilicholazwa. Sema, mwanangu, au tufunge kitabu twende tukale."

Nderingo akarudi, akaushika tena ule mkono wa msalaba. Angeweza kusema simu zilikuwa mbovu, na watu wangeafiki, kwa kuwa zilikuwa mbovu kweli. Lakini alipofungua kinywa alisema hivi:

"Simu niliichelewesha mimi. Niliijua posta ilipo, nikaacha mpaka kaburi limechimbwa. Nilijua ukija utaniuliza kwa nini baba hakupelekwa hospitali mapema. Wewe ni tabibu. Nilijua utamtazama tu na utajua. Nikaogopa swali lako kuliko nilivyoogopa kukukosesha baba."

Hakuna aliyekohoa safari hii.

Kundaeli akauliza, "Aliniulizia?"

"Aliuliza. Nikamwambia uko njiani."

"Akasema nini?"

"Akasema tumwekee Kundaeli maziwa."

Kundaeli akainama, akaweka viganja usoni. Alikaa hivyo, na mchungaji, ambaye alikuwa mtu wa busara, akafunga kitabu chake. Kundaeli alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, akamwambia mama yake, "Mama, leo sitashika. Sijakataa, ila leo siwezi."

"Usishike," akasema Aisaria. "Wageni karibuni chakula."

Tukala. Wengine walikula wakinung'unika kwamba wametoka mbali na msalaba hawakuuona ukisimama. Mzee Kiwia alisema haijawahi kutokea katika ukoo wao, akaongezewa pombe ya mbege, akapunguza maneno. Msalaba ukaegemezwa ukutani.

Kesho yake mvua haikunyesha. Jua lilipokuwa limepanda na nyasi zimekauka hata kwenye mashina, Kundaeli alitoka na reki. Nderingo alikuwa ameshaitoa mashine, amekipandisha kisu juu. Sikusikia nani alimwita mwenzake. Ninachojua ni jinsi walivyofanya, kwa kuwa nilikuwa upande wa pili wa ua nikianua nguo, na nguo zile nilizianua polepole sana.

Kundaeli alitangulia na reki, akizichana nyasi kinyume na zilivyolala mpaka zikasimama. Nderingo akafuata na mashine taratibu, kila mstari mpya akiupandisha kidogo juu ya ule uliotangulia, pasibaki ukingo. Wakayakusanya yale mabonge mabovu wakayapeleka kwenye migomba. Kisha wakakishusha kisu, wakarudia tena kwa kukatisha, kutoka uani kwenda nyumbani. Na muda wote wa kazi hiyo walikuwa wanazungumza. Mara nyingine mashine ilizimwa makusudi, na sauti zikapanda. Nilimsikia Kundaeli akisema, "Na huo mwezi wote alipokuwa anatapika wewe ulikuwa unamtazama tu?" Nikamsikia Nderingo akijibu kwamba mzee mwenyewe alikataa kupandishwa gari, na yeye hakuwa na nguvu ya kumlazimisha baba yake. "Ungeniita nimlazimishe mimi." "Ndiyo. Ningekuita." Halafu reki ikaanza tena kukwaruza. Lile jambo walilisimamisha lote, jani kwa jani, ndipo wakalikata.

Aisaria alikuwa amekaa barazani akichambua maharage. Hakuwaambia neno. Nilipompitia kumsalimu akaniambia tu, "Nyasi iliyolala, mwanangu, unaiinua kwanza."

Jioni uwanja ulikuwa sawa kama mkeka, na harufu ya nyasi mbichi ilifika mpaka barabarani. Msalaba uliwekwa siku iliyofuata. Hapakuwa na ibada kubwa wala ng'ombe wa kuchinjwa. Tulikuwa majirani wachache, mchungaji na Aisaria. Ndugu wale wawili waliushika, mmoja huku na mmoja huku, wakauteremsha ardhini, na hakuna aliyelazimika kuitwa mara ya pili. Aisaria alisimama akaangalia mpaka saruji ilipomiminwa yote, kisha akasema sasa anaweza kwenda kulala mchana.

Maneno yake yakabaki hapa mlimani. Wazee wa ukoo wakayachukua, hata Mzee Kiwia, ambaye baadaye alijifanya kama ni yeye aliyeyatunga. Watu wakipatanishwa kwa haraka ili wageni wasione, wakipeana mikono huku macho yanatazama chini, mtu mmoja atayasema taratibu, na wengine wataketi upya wazungumze. Ndiyo maana baba yenu mdogo jana aliwarudisha wale majirani kwenye viti. Waliposhikana mikono aliona wamelala. Na kulala kwa nyasi si kukatwa.