Shauri la Mto Lungo

Hapo zamani, katika mji wa Mtambwani, alikuwako msuka mikeka jina lake Chande, fukara ambaye paa lake lilikuwa na matundu mengi kuliko makuti. Watu walimwita mpumbavu, naye hakukataa, kwa kuwa mpumbavu huachwa aseme. Siku za raha alizozikumbuka maishani mwake zilikuwa tisa tu, nazo alizipata mwaka ule alipoitwa barazani kwa Sultani Haidari kuwa shahidi katika kesi ya mbuzi.

Basi ikawa mwaka mmoja masika yalizidi, Mto Lungo ukafurika na kuvifunika vijiji vya bondeni, na jamaa arubaini wakaja mjini na watoto mgongoni na vyungu kichwani. Wakaketi nje ya lango, topeni, mvua ikiwanyeshea. Chande akatoka kuwatazama, akamkuta Bi Somoe, mzazi wa siku nne, amemkinga mwanawe kwa ungo.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba. Lakini huyu tangu azaliwe hajalala pakavu. Maji twanywa ya madimbwini. Na mtu akishikwa na haja hana pa kwenda ila vichakani, pale juu ya kisima chenu. Twaona haya, baba, lakini tufanyeje?"

Chande alikwenda moja kwa moja barazani.

Sultani Haidari hakuwa mtu mbaya. Mama yake alikufa kwa kuhara mwaka ule kisima kilipochafuka, na tangu siku hiyo alikihofia kisima chake kuliko alivyowahofia maadui. Kwa hiyo alipomwona Chande amesimama mlangoni, alijua neno lililomleta.

"Ni wale wa langoni, sivyo? Wasikisogelee kisima changu. Warudi kwao."

"Kwao kuna mgeni, Maulana. Ameingia bila hodi, amelala vitandani mwao, wala haonyeshi dalili ya kuondoka."

Watu wa barazani wakacheka, na Waziri akawakemea. Sultani akasema, "Nimekwisha kuapa, ewe Chande, kwamba sitatoa amri ya kuwapa hema, wala maji, wala choo. Nawe kwa kuwa una maneno mengi, haya: wapatie vyote vitatu kabla ya adhuhuri ya kesho, pasipo amri yangu. Ukiweza, watakaa. Ukishindwa, utatoka pamoja nao, mkeka wako kwapani."

"Nimesikia, Maulana," akasema Chande, akaenda zake nyumbani, akaketi mahali pasipovuja, napo palikuwa mahali pamoja tu. Akamfikiria yule mtoto wa ungoni. Akafikiri sana, asione njia. Ndipo akazikumbuka zile siku zake tisa, akacheka peke yake hata jirani akagonga ukuta.

Asubuhi baraza likaketi. Mpiga mbiu akaita kama ilivyo ada, "Mwenye shauri na asimame!" Bi Somoe akasimama, mtoto begani, kama Chande alivyomfundisha alfajiri.

"Mimi. Naushtaki Mto Lungo. Umeingia nyumbani kwangu bila hodi, umechukua kuku saba na kinu, na hata leo haujatoka."

Palikuwa na karani mzee barazani hapo, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa ameandika kwanza na kufikiri baadaye. Akachovya kalamu, akaandika. "Mashahidi?"

"Ni hawa," akasema Chande, na jamaa wote arubaini wakasimama, wakubwa kwa wadogo. Karani akayaandika majina yao moja moja, na lile la mtoto wa siku tano akaliandika pia.

"Mto hauna masikio!" Waziri akapiga kelele. "Shauri gani hili? Futa, karani!"

"Lililoandikwa halifutwi ila kwa hukumu," karani akajibu, maana hilo alilijua bila kufikiri.

Hapo Chande akapiga magoti. "Maulana, babu yako aliona shahidi mwenye kiu husema lolote ili aende zake. Kwa hiyo aliweka desturi: mwenye shauri na mashahidi wake ni wageni wa baraza mpaka hukumu itoke. Hulazwa chini ya hema, huletewa maji safi ya mtungi, na huchimbiwa choo. Mimi mwenyewe nilikaa hivyo siku tisa kwa ajili ya mbuzi. Tena hakikuhitajika kibali cha mtu."

Naam, watumishi hawakungoja kuambiwa. Waliposikia mashahidi wameandikwa, walikwisha kwenda kuyakunjua mahema na kuijaza mitungi, na adhuhuri ilikuwa bado.

Tarishi akapelekwa kuuita mshtakiwa. Alirudi upesi, adhuhuri bado haijafika, amelowa hadi kifuani. "Nimeusomea wito, Maulana. Haukujibu neno, ila ulichukua kiatu changu kimoja."

Sultani akajizuia, akashindwa, akacheka hata kilemba kikamkaa upande. "Basi tutaungoja," akasema. Kisha akaona watu wakianza kuchimba, akaruka kitini, akashuka mwenyewe topeni. "Si hapo! Hapo maji yanateremkia kisimani! Chimbeni kule chini, hatua mia mbili, mashimo ya wanawake mbali na ya wanaume, na jivu liwekwe kando ya kila shimo!" Chande aliona si adabu kumkumbusha kwamba hiyo ilikuwa amri.

Mto Lungo ulitoka majumbani baada ya miezi mitatu. Katika muda huo hakuna aliyehara mjini, na mtoto wa Bi Somoe alinenepa hata ungo haukumtosha. Sultani akaketi, akahukumu kwamba mshtakiwa ameitika kwa kuondoka, na walalamikaji warudi kwao na mbegu na makuti ya kujengea.

"Nawe Chande," akasema, "omba utakalo."

"Sina la kuomba, Maulana. Ila nina shauri dogo. Naishtaki mvua, na shahidi ni mimi."

Sultani akageuka upesi kumzuia karani, lakini wino ulikuwa umekwisha kukauka.